Matundu Sita Nyuma ya Mlango wa Chuma

Uliupita ule mlango zaidi ya mara mia, wewe unayesoma, na kila mara ukapata kitu kingine cha kutazama: simu yako, viatu vyako, mbwa wa jirani. Mlango wa chuma wa gereji, wa kijivu, wa kujikunja juu, ambao haukufunguliwa asubuhi wala jioni, na gari limeegeshwa nje yake jua na mvua. Hukujiuliza ni gereji gani hiyo inayolaza gari nje. Ulisikia redio ikizungumza ndani. Ulisikia mtu akikohoa. Ukasema ya watu yaache, ukaongeza mwendo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga hawakukujua wewe. Leo utaambiwa.

Aliyejenga ukuta nyuma ya mlango ule ni fundi mwashi ambaye wenzake kazini walimpa jina la Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye chuma nchani, ya kupimia wima, ambayo hakuiacha nyumbani hata siku ya harusi yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, maneno machache. Ukuta wake haukuwahi kuinama. Watu walimwamini kwa hilo, naye alijiamini kwa hilo, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mama yao alizaa wawili tu. Timazi alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake alisoma, akapata kazi ya ukaguzi wa majengo katika ofisi ya mji. Huyo Mkaguzi unamjua: ndiye anayekuja na kopo la rangi nyekundu akachora alama ya X ukutani, na wiki inayofuata nyumba haipo. Kuna mwaka alichora alama hiyo kwenye banda la mjane aliyelala na wanawe watatu. "Kanuni ni kanuni, dada," alimwambia. "Chumba cha kulala binadamu lazima kiwe na dirisha linalofunguka nje." Mjane aliuliza yeye na wanawe watafunguka wapi. Wengi mmesahau. Kuna wasiosahau.

Magoti ya mama yalipokataa kabisa, wana wawili walikaa sebuleni kwa Mkaguzi kuamua. Timazi alipanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, na humo alikuwa na mke, watoto wanne, na ngazi hamsini na moja za kupanda. Mkaguzi alikuwa na nyumba yake: chumba chake na mkewe, chumba cha watoto, na chumba cha tatu alichokiita ofisi, ambamo kulikuwa na meza, kiti kinachozunguka na vyeti vyake ukutani.

"Gereji ipo, kaka," alisema Mkaguzi. "Gari halifi kwa kulala nje."

"Sawa. Tutabomoa ule mlango wa chuma, tujenge ukuta, tuweke dirisha upande wa barabara."

"Dirisha hapana. Na mlango usiuguse. Wewe jenga ukuta nyuma yake, kwa ndani. Mtu akipita aone gereji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kubadilisha gereji kuwa chumba kunataka kibali, na vibali napitisha mimi. Nikijipitishia mwenyewe, wataniuliza. Nikikaa kimya na mlango ukakaa kimya, nani atauliza?"

"Na hewa?"

"Mlango wa jikoni si upo? Mama si nyanya ya kukaa kwenye friji. Atatoka, ataingia. Lakini tundu la nje sitaki hata moja. Tundu likionekana, mimi sina kazi."

Timazi alijua kwamba chumba chenye mlango mmoja, unaofungukia jikoni, si chumba. Angeweza kusema hivyo. Alifungua mdomo hata. Lakini aliliona jibu limeshakaa kwenye ulimi wa mdogo wake: basi mchukue wewe. Akaufunga mdomo, akaomba chai iongezwe sukari.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Sakafu ya gereji humwagwa kwa mteremko, ili maji yatoke nje, kwa hiyo ilibidi ainue upande wa mlango kwa zege ili mama asihisi anashuka mlima kila akienda kitandani. Alisugua madoa ya oili kwa sabuni na magadi, lakini zege lilikuwa limekunywa oili miaka kumi na tano, na kileo kama hicho hakitoki kwa kusuguliwa. Akapaka rangi nyeupe. Akaweka dari. Ukuta mpya aliusimamisha shubiri moja nyuma ya mlango wa chuma, na kwa siku tatu kila safu aliyoipandisha ilimkaa rohoni kama deni.

Siku ya nne, Mkaguzi yuko ofisini, mkewe yuko dukani kwake, Timazi alifanya jambo lake. Alikata vipande sita vya bomba la maji, kila kimoja kipana kama mdomo wa kikombe, akautoboa ukuta, akavipitisha humo. Alitamani kuviweka juu, kama inavyotakiwa, lakini juu kulikuwa na boksi la chuma ambamo mlango ule hujikunja. Akaviweka chini, safu ya pili kutoka sakafuni. Mlango wa chuma haukugusa ardhi. Kulikuwa na upenyo wa vidole viwili. Hewa ya barabarani ingepita hapo, ingeingia kwenye ule mwanya, ingepenya matundu, ingemfikia mama. Toka nje usingeona kitu. Halafu, ili hewa hiyo isipotee bure, kitanda alikipanga mwenyewe, kichwa upande wa ukuta ule. Mto wa mama aliulaza karibu na matundu. Jioni alirudi kwake akijiona mwizi mwema.

Mama alipohamia, alisimama katikati ya chumba na fimbo yake, akazungusha macho.

"Nimezaa watu wawili, uzeeni wamenifanya gari," alisema. "Msisahau kunibadilisha oili."

Wote walicheka, na mke wa Mkaguzi alicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa na aibu. Mama akanusa. "Inanukia."

"Ni sakafu, mama," alisema Mkaguzi. "Gereji lazima inukie gereji. Itaisha."

Haikuisha, na mama akaacha kuitaja.

Alianza kusahau mwezi wa pili. Alitia chumvi chai. Alimwita mkwewe kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani. Asubuhi hakutaka kula, akisema tumbo linageuka. Timazi alikuja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akimkuta mama amechangamka, anamtania, na akimwuliza hali, Mkaguzi hujibu kabla ya mama: "Uzee, kaka. Uzee hauna fundi." Timazi aliafiki. Uzee ni neno zuri sana. Ukilisema, huhitaji kusema lingine.

Kisha ikaja Jumanne moja. Mke wa Mkaguzi alikuwa amempigia simu kwamba mlango kati ya jikoni na chumba cha mama umevimba, unakwaruza sakafu. Timazi akapitia huko asubuhi, kabla ya kazi yake nyingine, randa yake mfukoni mwa vifaa. Ilikuwa haijafika saa moja. Alimkuta mama ameketi kitandani, viganja vyote viwili kwenye paji la uso.

"Umekuja kunitoa au kunifungia?" alimtania.

"Nimekuja kunyoa mlango, mama."

"Ukimaliza ninyoe na mimi, labda kitapungua. Ngoja tu, sasa hivi kinaanza."

"Nini kinaanza?"

"Kichwa. Kichwa changu kinajua saa kuliko redio. Taarifa ya habari ikianza, nacho kinaanza. Isipokuwa ile wiki mdogo wako alipokwenda semina. Wiki ile nilimfunga mjukuu wangu karata mara saba, mpaka akaninunia."

Timazi alicheka, akachuchumaa kupiga randa upande wa chini wa mlango. Nje, gari likanguruma. Mkaguzi alipenda kuliegesha kinyumenyume, mkia umegusa mlango wa chuma, uso umeelekea barabarani kama gari la zimamoto. Lilikuwa gari la zamani, lililokunywa petroli na kutema moshi, na kila asubuhi aliliwasha, akaliacha lipate moto huku yeye amerudi sebuleni kunywa chai.

Kutoka pale alipochuchumaa, Timazi aliona chini ya kitanda mpaka ukutani. Aliona upindo wa shuka ulioning'inia mbele ya matundu. Ulivimba, ukalala. Ukavimba tena. Kama kifua cha mtu.

Akatambaa mpaka pale, akaweka kiganja. Pumzi iliyotoka katika tundu lake ilikuwa ya moto. Akainama akanusa, kisha akabaki vilevile, ameinama.

"Ndiyo, huo upepo wangu," mama alisema kutoka juu yake. "Asubuhi unakuja na joto kidogo. Siku nilipoyagundua hayo matundu nilisema, huyu ndiye mwanangu. Yule mwingine ana nyumba, lakini huyu ndiye mwanangu. Sijamwambia mtu."

Timazi hakuwa mjinga. Aliwahi kupiga lipu chumba cha mlinzi aliyekufa usingizini na jiko la mkaa kando yake. Alijua moshi unavyoua mtu bila kumwamsha. Kutoka kitandani kwa mama hadi sebuleni kwa Mkaguzi palikuwa na hatua ishirini. Mdogo wake alikuwa pale, kikombe mkononi. Maneno yenyewe yalikuwa machache: zima gari, mtoe mama, ni mimi niliyetoboa. Alisimama. Akayapanga mdomoni. Akaona uso wa mdogo wake ukiyapokea, na uso wa shemeji yake, na uso wa mama, ambaye dakika hiihii alikuwa amemwita mwanangu. Mficha uchi hazai, husemwa. Timazi aliuficha.

Alitoa katika mfuko wa vifaa shati lake kuukuu la kazi, akalichana vipande sita, akaanza kuvishindilia kwenye matundu.

"Unaziba?" mama aliuliza. "Unaziba nini?"

"Panya, mama. Nimeona kinyesi cha panya."

"Panya?" Mama alicheka, mkono mmoja ungali kwenye paji. "Nimelala na baba yako miaka arobaini na mkoromo wake, nitamwogopa panya?"

Akamaliza kunyoa mlango, akaaga, akapita karibu na mdogo wake aliyekuwa akifunga tai. "Umemaliza, kaka?" "Nimemaliza."

Jumamosi atarudi na saruji, alijiambia, azibe vizuri, na hapo hapo azungumze na mdogo wake habari ya dirisha, taratibu, bila kutaja matundu. Jumatano alikuwa na mnara wa tangi la maji wa kumaliza. Alhamisi ilinyesha mvua. Kila mwoga ana mvua yake. Mara mbili alishika simu, na mara zote mbili aliishia kumpigia mtu wa kokoto.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, mke wa Mkaguzi alimpelekea mama chai, akamkuta amelala nusu kitandani nusu sakafuni, ametapika, haitiki. Karibu na mto kulikuwa na vipande sita vya shati. Mama alikuwa amevitoa kimoja kimoja, akavikunja, akavipanga. Chumba kilikuwa kimemwelemea bila upepo wake, na panya hawakumtisha. Timazi angemwambia moshi, mama asingevigusa.

Hospitalini walimwekea hewa ya mtungi. Jumamosi mchana alifumbua macho. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na maswali makali, aliwasimamisha wana wawili pande mbili za kitanda.

"Anapikia mkaa chumbani?"

"Hapana," alisema Mkaguzi.

"Kuna jenereta karibu?"

"Hapana, daktari. Mama ana miaka sabini na sita. Nadhani ni uzee tu."

"Uzee haumwangushi mtu hivi kisha akaamka kwa hewa safi. Amevuta sumu mahali. Nisipojua ni wapi, Jumatatu nitamruhusu arudi nyumbani, na atarudi palepale." Akawatazama mmoja mmoja. "Analala wapi?"

"Chumbani kwake," alisema Mkaguzi.

Mama aligeuza kichwa kwenye mto. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. "Niliyatoa matambara. Hewa ilikuwa nzito. Panya si simba." Akamtabasamia Timazi, tabasamu la watu wenye siri moja.

"Matambara gani?" daktari aliuliza.

Mama alikuwa tayari kumfichia. Angekufa akimfichia. Timazi alishika chuma cha kitanda.

"Ni mimi," alisema. "Analala gereji. Nilijenga ukuta nyuma ya mlango, nikaacha matundu, na mkia wa gari unakaa pale. Moshi unaingia kwa matundu yangu. Nilijua tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne," daktari alirudia, akaandika. Timazi angependa amtukane.

Nje, kwenye ujia wa wodi, Mkaguzi alimvuta mpaka penye ndoo za kufanyia usafi.

"Nilikwambia sitaki hata tundu moja."

"Uliniambia."

"Umemuua mama, kaka."

"Mimi nimetoboa, wewe umepuliza."

Mkaguzi alifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Ziba kwa saruji. Gari nitaegesha barabarani. Yaishe."

"Ili mama akae sandukuni, amefungwa vizuri?"

"Ukivunja ule ukuta, mtaa wote utaona. Kazi ninayoipoteza ndiyo inayomlisha."

"Yule mjane na wanawe watatu. Ulimwambia kanuni inasemaje?"

Mkaguzi alitazama ndoo.

Jumapili saa nne asubuhi, jua limeshika, Timazi aliushika ule mlango wa chuma kwa chini na kuuinua. Kutu ilipiga kelele barabara nzima. Nyuma yake ukasimama ukuta wake, umenyooka, mzuri, na matundu sita yenye masizi kama midomo ya vibatari. Alichukua nyundo kubwa. Ukuta aliousimamisha kwa siku tano uliangushwa kwa dakika kumi, na kwa mara ya kwanza mwanga ukafika kitandani, ukaonyesha redio, kandambili, karata zilizopangwa vizuri.

Watu walijaa. Ndiyo, mlijaa.

"Kumbe kulikuwa na mtu humu?" alisema mwenye duka la mkabala.

"Usijifanye," alimjibu mama mmoja aliyefagia njia ile kila siku. "Redio ulikuwa unaisikia."

"Nilidhani mlinzi. Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa namsalimia. Nikifagia nasema shikamoo, ananiitikia kutoka ndani, marahaba. Nilidhani anapenda kukaa humo."

Timazi aliwasikia. Kila neno aliloliokota la kuwarushia lilikuwa linamfaa yeye. Mkaguzi alitoka kwa mlango wa jikoni na viatu vyake vya ofisini, akasimama kwenye kifusi, kisha akainama akaanza kuokota matofali, akiyapanga kando. Jumatatu barua ya kusimamishwa kazi ilimkuta mezani kwake.

Mama hakurudi pale. Timazi alimbeba mgongoni ngazi zote hamsini na moja, akampa kitanda chake, kando ya dirisha, yeye na mkewe wakalala chini. Daktari alikuwa amewaambia kwamba vingine vilivyopotea vitarudi na vingine havitarudi. Utani ulirudi. Karata zilirudi, ingawa sasa mama hufungwa na mtoto wa miaka sita, akampongeza. Uso wa mwanawe mkubwa haukurudi.

"Karibu, fundi," humwambia Timazi kila jioni akiingia na vumbi lake. "Kaa. Ninaye mwanangu fundi kama wewe."

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzuri sana. Niliwekwa mahali hapana hewa, yeye akaniwekea upepo karibu na mto. Kwa siri. Atakuja lini?"

Mkewe alimwambia mara nyingi, mwambie basi ni wewe. Timazi hawezi. Akisema ni mimi, mama atamshika mikono na kumshukuru kwa matundu yale, na hakuna mtu aliyewahi kujengwa kwa matofali ya kuistahimili shukrani hiyo.

"Atakuja, mama," humjibu, akaenda kunawa, akinawa muda mrefu.

Sasa nakurudia wewe. Usilie, machozi hayaingizi hewa. Mtaani kwako kuna gereji isiyolaza gari, au stoo yenye taa, au banda nyuma ya nyumba linalojibu salamu. Unaijua, umeshaifikiria tangu ulipoanza kusoma. Iweke chini karatasi hii, vaa viatu, nenda ukagonge kabla jua halijatua. Wakikuitikia kutoka ndani, usiridhike. Uliza nani analala humo na hewa inaingilia wapi. Wakikuambia hayakuhusu, simama palepale uulize tena, kwa sauti, mpaka majirani watoke. Na kama mlango huo ni wa nyumba yako, wewe huna haja ya kugonga. Mtoe aliyemo, kisha tafuta nyundo. Leo.